Bei ya Mashine ya Mzee

Katika kigango chetu cha Tunda kuna Dominika moja ya mwezi wa Julai 2025 ambayo vijana wetu huikumbuka kwa manung'uniko. Siku hiyo, baada ya ibada, tulisimama mbele yao tukatangaza kwamba kompyuta waliyoichangia kwa miezi minane haitanunuliwa. Hatukuwaeleza sababu zote. Sehemu kubwa ya aibu ilikuwa yetu wenyewe, na katekista aliyepita miaka hamsini haoni wepesi kuungama mbele ya wale aliowafundisha ishara ya msalaba. Sasa tumeombwa tafakari kwa ajili ya ukurasa huu, nasi hatuna nyingine iliyo ya kweli kuliko hii.

Kwa wasioifahamu Tunda: iko katika eneo la Kibombo, upande wa kusini wa Kindu, na wengi huijua kwa sababu ya hospitali ya ndugu zetu Wamethodisti. Umeme tunaoutumia ni wa jenereta na wa paneli za jua. Mtu akihitaji barua ya kuomba kazi, orodha ya wanafunzi au kadi ya mwaliko wa ndoa, hutafuta mwenye mashine ya kuandikia. Na kwa miaka mingi mwenye mashine alikuwa mmoja tu, mzee wa halmashauri ya kigango, mtu aliyetupatia hata kiwanja ambacho kikanisa chetu kimesimama juu yake. Hatutalitaja jina lake. Walio jirani wanamjua, na walio mbali hawana haja nalo.

Vijana wetu walikuwa wamekusanya dola 320. Walipalilia mashamba ya mpunga ya watu, waliuza mafuta ya mawese, walibeba matofali. Nia yao ilikuwa kufungua meza ya kuchapa karatasi kando ya kikanisa, ili kikundi kiwe na mfuko wake kisiombeombe. Mzee aliposikia, alitutumia neno kwamba yuko tayari kuwauzia kompyuta yake. Bei yake dola 500. Lakini kwa kuwa ni Kanisa, 450. Zilizopungua wangelipa polepole.

Wakati huohuo mama wa nyumba ile alikuwa amelazwa hospitalini akingoja kupasuliwa, na kila mtu alijua kwamba mzee hana fedha. Sisi tuliona kwamba Mungu ameyakutanisha mahitaji mawili barabarani: vijana wanataka mashine, mzee anataka fedha. Tukatangaza kanisani kwamba mashine imepatikana. Mtunza hazina wa kikundi, binti wa miaka kumi na tisa, akanyosha mkono akauliza kama kuna mtu aliyeitazama ndani. Tulimjibu kwamba ni mashine ya mzee wetu. Akaketi, lakini swali lake halikuketi. Tukaona ni afadhali kumwita fundi, walau kwa kutimiza desturi.

Fundi huyo ni kijana aliyesoma mambo ya kompyuta Kindu, akarudi nyumbani. Ana kibanda karibu na soko, hutengeneza simu na redio. Ni Mmethodisti, mjukuu wa mhubiri. Tulikwenda naye siku ya Jumanne, jioni jua likiwa limepoa, na njiani tukamwambia maneno ambayo hatukuyapanga, lakini yalitoka yakiwa yamepangika vizuri sana. Tulimwambia kwamba mzee ni mtu mzima, kwamba mkewe ni mgonjwa, kwamba fedha ni za vijana na vijana wana nguvu za kutafuta nyingine. Tulimwambia: ukiikuta na kasoro ndogondogo, usizikuze.

Kijana alitembea hatua kadhaa bila kujibu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nitasema kwa upole. Lakini bei siwezi kuisema kwa upole. Bei ni namba."

Tungependa kuandika kwamba neno lile lilituchoma palepale. Halikutuchoma. Tulimwona kuwa kijana asiyejua maisha. Na hapa kuna jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Jumamosi iliyotangulia, siku tatu tu kabla ya hapo, tulikuwa tumewafundisha vijana habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyetangazwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Mnajua historia yake: kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini, alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipitishwe na kuwafikia watu, akauawa Julai 2007, hajafikisha hata miaka ishirini na saba. Tulifundisha kwa sauti kubwa. Tulipiga hata meza. Na Jumanne tulikuwa barabarani tukimwomba mkaguzi wetu mdogo apitishe mzigo.

Mzee alikuwa ametungoja. Kompyuta ilikuwa sebuleni juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua na mama mwenyewe. Alikiondoa kwa mikono miwili. Ilikuwa kompyuta ya mezani, ya rangi iliyokuwa nyeupe zamani, na kioo chake ni kile kizito chenye kisogo kirefu. Juu yake tuliandikiwa barua zetu nyingi sisi wenyewe. Tuliifahamu kama mtu anavyomfahamu ng'ombe wa jirani.

Fundi aliomba ruhusa ya kuifungua. Mzee akashangaa kidogo, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuifungua mbele yake, lakini akakubali. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu la barabara yetu, limelala kama unga, na katika pembe moja mayai matatu ya mjusi. Fundi aliyaweka kando taratibu juu ya kipande cha karatasi. Akapuliza, akafuta kwa brashi, akamulika tochi ya simu. Kisha akamwita mzee asogee aone, jambo ambalo hatukulitazamia. Hakusema na sisi. Alisema na mwenye mali.

"Papa, angalia hivi vikopo vidogo. Kazi yake ni kutunza umeme kidogo na kuutuliza. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Hiki kimevimba. Hiki pia. Hiki kimeanza kutoka maji." Akahesabu saba. Akaeleza kwamba kompyuta nyingi za miaka ile, tangu kama 1999 hadi 2007, zilitoka viwandani na vikopo vya namna hiyo, vyenye dawa mbaya ndani, na kwamba si kosa la mtu aliyezitumia. Vinaweza kubadilishwa. Lakini mashine ikipona, itakuwa imepona kuwa kitu gani?

Ilikuwa Pentium 4 yenye memori ya megabaiti 512. Simu iliyokuwa mkononi mwa fundi ilikuwa na mara nane ya hiyo. Programu yake kuu ni Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, na wenye kuitengeneza waliacha kuitunza tarehe 8 Aprili 2014. Sisi tulidhani kompyuta huzeeka kama cherehani. Cherehani ya miaka arobaini, ukiitia mafuta, hushona shati kama ilivyoshona zamani, kwa sababu kitambaa ni kilekile. Kompyuta huzeeka mara mbili: mwili wake unachakaa, na tena ulimwengu unaosema nayo unabadili lugha. Hati inayoandikwa leo Kindu, ukiileta kwa flashi katika mashine ile, huenda isifunguke, au ifunguke maneno yakiwa yametawanyika.

Na kuna ulaji wake. Hilo ndilo lililotushtua zaidi, kwa kuwa hatukuwa tumelifikiri hata kidogo. Mashine ile pamoja na kioo chake humeza wati 150 hadi 200 kila inapowaka. Kompyuta ya kubebeka haifiki hata 50, na ina betri yake. Paneli ndogo ya kigango chetu isingeweza kuiwasha ile ya mzee. Vijana wangelazimika kuwasha jenereta, kiasi cha nusu lita ya petroli kwa saa, na petroli hapa kwetu inafika juu ya pikipiki. Franka za kurasa zote zingekunywewa palepale.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza bei.

"Papa, vipande vyake, kwa mtu anayevihitaji, dola 30. Mimi mwenyewe ningevinunua kwa 30. Siwezi kukuambia zaidi."

Kimya kilichofuata hatutakisahau. Kuku waliingia sebuleni, wakatoka. Tulitafuta neno la kulainisha, na kwa kuwa hatukulipata tulikohoa.

Mzee akaanza kusema, mwanzoni kwa hasira. Je, kijana huyu anajua mashine ilivyofika hapa? Mwaka 2008 mwanawe wa kwanza aliinunua Lubumbashi kwa dola 700, ikiwa imekwisha kutumika Ubelgiji. Ilipanda treni. Treni iliharibika njiani, ikalala siku nyingi, na mtu aliyeisindikiza alilala juu ya sanduku lake kila usiku. Ikashuka Kibombo. Kutoka Kibombo ilisukumwa juu ya baiskeli mbili: kwenye moja sanduku, kwenye nyingine kioo kilichoviringwa ndani ya godoro. Mto mmoja walivuka wakiwa wamebeba kioo kichwani kama maiti ya mfalme. Watu walitoka mashambani kuitazama. Mwana yule aliyeinunua amekwisha kufariki. Na sasa dola 30?

Fundi hakujibu chochote. Aliinamisha kichwa, mikono ikiwa magotini, kama mtoto aliye mbele ya babu yake. Nadhani angejibu neno moja tu, la kujitetea au la kufariji, mambo yangeharibika.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo hatukulielewa mara moja. Alivuta kiti, akainama juu ya mashine iliyo wazi, akaanza kuitazama kwa karibu. Lazima mjue kwamba katika ujana wake alifanya kazi Kalima, katika kampuni ya bati, naye alikuwa karani wa mizani. Wachimbaji walileta mchanga wa kasiterite, yeye akaupima uzito, na wengine wakapima usafi wake, asilimia ngapi ni bati na asilimia ngapi ni mchanga mtupu. Halafu kazi ya kumtangazia mchimbaji ilikuwa ya karani.

"Walinichukia," alisema, sasa kwa sauti nyingine. "Mtu amechimba mwezi mzima, ananiambia: karani, hii ni ya sabini. Namwambia: hamsini na nane. Mchimbaji huona jasho lake ndani ya jiwe. Mizani haioni jasho." Akanyamaza kidogo. "Wako walionipa kuku ili niseme sitini."

Hakutuambia kama aliwahi kuwachukua kuku hao, nasi hatukumwuliza.

Akaelekeza kidole kwenye nukta zinazong'aa nyuma ya ubao wa ndani. "Na hii ni nini?"

"Ni lehemu, Papa. Ni bati, limechanganywa na risasi."

Mzee akacheka. Alicheka kweli, mabega yakitikisika. "Bati! Labda ni la Kalima. Lilitoka kwetu kwa kilo, nikalipima kwa mkono wangu, limerudi kwangu kwa dola mia saba."

Tulicheka sote watatu, kwa nafuu zaidi kuliko kwa furaha. Tulidhani magumu yamekwisha. Ndipo fundi, akifuta mikono, alitaja ujira wake: dola tano kwa kuitwa nyumbani na kufanya uchunguzi. Sisi tukaruka. Tukamwambia amwachie mzee, kwamba anaona mwenyewe hali ya nyumba, kwamba ni tendo la huruma. Kijana alitutazama tu. Mzee ndiye aliyejibu: "Mwalimu, karani wa mizani hulipwa hata jiwe likiwa bovu." Akaingia chumbani, akarudi na franka zilizokunjwa ndani ya kitambaa, akazihesabu moja moja.

Usiku ule, kitandani, ndipo tulipokumbuka kwamba sisi ndio tuliomwita fundi. Mzee hakumwita. Mfukoni mwetu zilikuwamo franka za kutosha, lakini midomo yetu ilikimbilia kumwomba kijana maskini atoe sadaka ambayo sisi hatukuwa tumeitoa. Asubuhi tulimrudishia mzee fedha zake. Alizipokea bila kutuuliza kitu, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angetuuliza.

Katika mkutano wa kikundi tulieleza nusu ya mambo. Kijana mmoja alisema kwa uchungu kwamba tungenunua tu, mzee ni wetu, mama ni mgonjwa, na kumsaidia ni Injili. Wengine wakapiga makofi. Hata sisi moyo wetu uliegemea huko, kwani ndiyo hesabu tuliyokuwa nayo tangu mwanzo. Yule mtunza hazina akasimama na daftari lake. "Kama ni msaada," alisema, "tuuite msaada, tuuandike hapa, na kila mtu akubali au akatae. Tukiuita bei, mzee atadhani ametuuzia kitu, na sisi tutadhani tumenunua kitu. Wote tutakuwa tumedanganywa, na hakuna atakayeshukuriwa."

Tumefundisha miaka mingi habari ya Anania na Safira katika sura ya 5 ya Matendo ya Mitume, na siku zote tuliifundisha kama habari ya choyo. Binti yule alipoketi, tuliona kwamba tulikuwa tumeruka kiini chake. Petro hakuwadai wale wawili shamba, wala hakuwadai fedha zote. Aliwaambia wazi kwamba vilikuwa mali yao. Kilichowaangusha ni kutaja bei isiyo bei. Wao waliipunguza ili waonekane watakatifu. Sisi tulitaka kuipandisha ili tuonekane wenye huruma, tena kwa fedha za watoto waliopalilia mpunga juani. Na mzee tulikuwa tunamnyang'anya kitu gani? Tulikuwa tunamtendea kama mtu asiyeweza kustahimili namba, yeye aliyewatangazia wenzake namba kwa miaka yote ya ujana wake.

Kikundi kilipiga kura. Dola 50 zilitolewa ziwe msaada kwa mgonjwa. Watatu walikataa, na kukataa kwao kumeandikwa pia. Mzee alizirudisha mara ya kwanza. Mara ya pili alitaka aone daftari. Alipolisoma neno "msaada" pamoja na tarehe na idadi ya kura, aliweka sahihi yake chini, kwa mwandiko ule mzuri wa makarani wa zamani. Mama alipasuliwa mwezi wa Agosti; kiasi kilichobaki kilimaliziwa na ukoo. Dola 270 bado zimo sandukuni, na meza ya kuchapa haijafunguliwa. Tunangoja mtu wa kutuletea kompyuta ya kubebeka kutoka Kindu, nayo itafunguliwa na kutazamwa ndani kabla ya kulipwa.

Kabla mama hajatoka hospitalini, fundi alirudi nyumbani kwa mzee, safari hii bila kuitwa na sisi, ili ahamishe maandishi yaliyokuwa katika mashine yasije yakapotea. Tulimfuata. Aliiwasha kwa jenereta ya kuazima. Ilichukua muda mrefu kuamka, ikazimika, ikaamka tena. Ndani tulikuta orodha za wabatizwa wa miaka saba, kumbukumbu za mikutano ya halmashauri, mialiko ya ndoa za watu ambao sasa wana watoto wa Komunyo ya Kwanza. Tulikuta pia barua yetu wenyewe ya mwaka 2016. Lakini mashine ilisema iliandikwa tarehe 1 Januari 2002, miaka sita kabla haijafika Tunda. Na nyaraka nyingine nyingi zilikuwa na tarehe hiyohiyo. Fundi akatuonyesha betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, inayoisaidia mashine kukumbuka siku hata ikiwa imezimwa. Ilikufa zamani. Kila ilipoamka, ilidhani ni mwaka uleule.

Nakala zote zikaingia katika flashi, flashi ikapewa mzee. Fundi alipotaka kuizima mashine, mzee akamzuia. Akauliza betri ile ni bei gani. Fundi akasema anayo moja kibandani, ya franka elfu mbili.

"Ilete," mzee akasema. "Mama akirudi, nataka aikute inajua siku."

Kijana alikwenda, akarudi akitweta. Akaitia betri, akaiwasha upya, akauliza leo ni tarehe ngapi. Mzee akageuka kuitazama kalenda ya jimbo iliyo ukutani, akasoma kwa sauti, na fundi akaandika. Mzee alisubiri mbele ya kioo mpaka dakika ilipobadilika, kisha akachukua kitambaa chenye maua, akakikunjua, akaifunika.